Dume Aliyeitwa Chifu

Wanangu mnaosomea kazi ya mifugo, nasikia siku hizi mtu akitaja A.I. mnafikiria kompyuta inayojibu maswali. Sisi tuliposema A.I. tulimaanisha kupandisha ng'ombe bila dume: mbegu ndani ya mrija mwembamba kama wa kalamu, mtungi wa baridi uliofungwa nyuma ya pikipiki, na glavu inayofika begani. Nilifanya kazi hiyo Kuria tangu ujana wangu mpaka bega la kulia likakataa. Watu wa Kehancha na Kegonga waliniita Daktari, ingawa sikuwa daktari. Wakikasirika waliniita mtoto wa ziwa, kwa sababu kwetu ni Homa Bay. Kikuria changu kilikuwa cha salamu na matusi tu, na Kijaluo chao kilikuwa hivyo hivyo, basi tukakutana kwenye Kiswahili, kila mmoja na makosa yake.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Okeyo, mtu mfupi mwenye sauti ya chini, ambaye hakumgusa ng'ombe kabla ya kumsalimia. Siku za kwanza alileta viungo vya uzazi kutoka machinjioni ndani ya ndoo, akanifunga macho kwa kitambaa na kuniambia, "Sema umeshika nini."

Nikasema, "Mji wa mimba."

"Hicho ni kibofu, kijana. Ukitia mbegu hapo utapata mkojo, hutapata ndama."

Vidole vyangu vilichelewa kuijua shingo ya mji wa mimba. Ni ngumu kidogo, kama shingo ya kuku aliyenyonyolewa, na ukiishika mara moja hutaisahau. Alinifundisha kukata kucha na kuvua pete. Kuyeyusha mrija kwenye maji ya uvuguvugu, kuukausha, kisha kuuficha kifuani usipigwe na jua wala upepo, hayo nilijifunza baadaye kwa wengine. Alinifundisha kwamba ng'ombe anayetaka dume hukwambia mwenyewe. Husimama tuli akipandwa na wenzake, hupiga kelele, hukataa majani, na ute mweupe kama wa yai humning'inia nyuma. Akianza asubuhi, mpandishe jioni. Akianza jioni, mpandishe asubuhi. Mkulima akikuita kesho yake, umeshachelewa, na usimdanganye kwamba hujachelewa.

Mzee Okeyo alianza kazi wakati mbegu zilikuwa mbichi, zikija na basi ndani ya chupa ya chai iliyojaa barafu. Mtungi wa naitrojeni ulipoletwa, ule ambao ukiufungua unatoa moshi mzito wa baridi, aliutazama, akaufunika, akasema, "Mimi nimemaliza." Akapanda gari akaenda kwao. Hakumuaga mkulima hata mmoja. Kwa muda mrefu baadaye nilikuta watu wamesimama kando ya barabara na ng'ombe wao, wakimngoja Mzee Okeyo. Nikiwaambia hatakuja tena, wengine waligeuza ng'ombe na kurudi nyumbani.

Huo mtungi nao ulinipa shida zake. Watoto waliukimbia. Mama mmoja wa Kehancha alinishika mkono akaniuliza kwa wasiwasi, "Daktari, huyo ndama si atazaliwa akisikia baridi?" Nikamweleza vizuri, akatikisa kichwa kuonyesha ameelewa. Ndama alipozaliwa nilimkuta amevalishwa gunia.

Lakini niliyekusudia kuwasimulia ni Mzee Mwita.

Mzee Mwita aliishi kwenye mteremko karibu na Kegonga, na alikuwa na dume mweusi mwenye baka jeupe begani. Alimwita Chifu. Hata chifu wa lokesheni alikuwa akicheka, akisema yeye ndiye chifu wa pili. Watu walileta ng'ombe wao kwa dume huyo kutoka ng'ambo ya mto na kutoka upande wa mpaka. Mzee Mwita hakuwatoza. Kwake ilikuwa heshima. Ukipita njiani ukaona ndama mwenye baka jeupe, ulijua ametoka kwa nani, na yeye akipita alisimama na kumtazama kama mtu anayemtazama mjukuu.

Siku niliyofika kwake mara ya kwanza na mtungi wangu, alinikaribisha kiti, akaniletea uji, akaningoja nimalize. Kisha akasema, "Wewe mtoto wa ziwa. Unaweka ng'ombe ndani ya chupa, unatembea naye kwa pikipiki. Sasa Chifu wangu afanye kazi gani?"

Nikamjibu kwamba sikuja kumfukuza Chifu.

"Umekuja," akasema. "Wewe mwenyewe hujui tu."

Mwanawe Chacha, ambaye tulikuwa rika moja, alinisindikiza mpaka barabarani na kuninong'oneza kwamba yeye angependa ng'ombe wa maziwa mengi kama wa mabonde ya mbali. "Lakini Tata akisikia atanifukuza," akasema. Tata ndivyo Wakuria wanavyomwita baba. Tukaachana hapo.

Baadaye mambo yakaanza kuharibika. Ng'ombe wa mteremko ule walipandwa na Chifu, wakatulia, kisha wakarudi kutaka dume tena. Wengine walishika mimba na kuitupa ikiwa changa, kitu kidogo kwenye majani ambacho mbwa hukimaliza kabla hujakiona. Msimu ukapita, mwingine ukaingia, na zizi baada ya zizi hakukuwa na ndama wala maziwa.

Palikuwa na mjane aitwaye Gati aliyekuwa na ng'ombe mmoja tu, na maziwa ya ng'ombe huyo ndiyo yaliyowaweka watoto wake shuleni na kwenye chai. Ng'ombe wake alitupa mimba, akapandwa tena, akatupa tena. Gati akaamua amerogwa. Wifi yake, dada wa marehemu mumewe, aliwahi kusimama karibu na zizi na kumsifu ng'ombe huyo, na Gati akaliona hilo ndilo jicho lililomharibu. Walikuwa wakilima mashamba yaliyopakana. Waliacha kusalimiana. Watoto wao walikatazwa kucheza pamoja. Nilipita hapo nikaona wanawake wawili wanalima, mmoja amempa mwenzake mgongo, na kati yao mpaka wa majani ambao hakuna aliyetaka kuukata.

Mimi nilishuku ugonjwa. Kuna maradhi ya uzazi ambayo dume huyapata kwa jike mmoja na kuyapeleka kwa wengine. Dume mwenyewe hana homa, hakondi, anakula vizuri, ngozi inang'aa. Nilienda kwa Mzee Mwita nikamwomba nimpime Chifu. Nilitegemea rungu. Akasema, "Mpime. Nami nataka kujua." Chacha na majirani walimshika dume kwa kamba, nikachukua maji ya kuoshea viungo vyake vya uzazi, nikayapeleka maabara.

Majibu yaliporudi nilipanda pikipiki kwenda Kegonga na nikaendesha polepole kuliko siku zote. Nilimkuta Mzee Mwita anamsugua Chifu mgongoni kwa gunzi la mahindi. Nikamwambia pale pale.

Aliendelea kusugua. Halafu akauliza, "Yeye anaumwa?"

"Hapana, Mzee. Haumwi. Anabeba tu."

"Hajui."

"Hajui."

Akaliweka gunzi chini. Chacha alikuwa amesimama nyuma yetu, akasema haraka, "Tata, mnada uko karibu. Tumvushe mpakani, tumwuze huko ng'ambo. Hakuna atakayejua."

Mzee Mwita akamgeukia. "Na huko hakuna ng'ombe jike?"

Mimi nikajaribu kumsaidia mzee, nikamwambia tunaweza kumhasi Chifu, awe maksai wa kuvuta jembe, aishi. Nilidhani nimemletea habari njema.

"Simhasi Chifu," akasema. "Aliingia hapa akiwa dume, atatoka akiwa dume. Lakini kwanza niambie kitu kimoja, Daktari. Hawa ng'ombe wa watu, watapona?"

Nikamweleza kwamba wakipumzishwa wasipandwe na dume, miili yao hujisafisha yenyewe, na baada ya hapo wanaweza kupandishwa kwa mirija. Alisikiliza mpaka mwisho. "Basi," akasema, "mambo ni hayo."

Siku ya josho watu wote wa mteremko walileta ng'ombe wao kuogeshwa dawa ya kupe. Mzee Mwita alifika bila ng'ombe. Alivaa koti lake la kanisani. Alingoja mpaka ng'ombe wa mwisho avuke ile dawa, kisha akapanda juu ya ukuta wa josho ili aonekane, mzee wa umri ule, Chacha akimshika mguu asianguke.

"Ng'ombe wenu hawazai," akasema. "Mnauliza ni nani. Ni dume wangu. Daktari amempima. Si jicho la mtu, si laana, si uchawi. Ni Chifu. Mimi ndiye niliyewaambia leteni, na nyinyi mkaleta. Kesho namchinja. Nyama haina ubaya, nimeuliza. Anayetaka aje ale. Na ng'ombe wenu, mpeni huyu mtoto wa ziwa awahudumie. Nimemaliza."

Kijana mmoja nyuma alicheka, mpaka Chacha alipomtazama. Mzee Mwita alishuka taratibu ukutani. Akaificha mikono yake mifukoni mwa koti.

Gati alikuwa amesimama karibu nami ameshika kamba ya ng'ombe wake. Aliniuliza kwa sauti ndogo, "Ni kweli, Daktari? Si mtu?"

"Si mtu, Mama."

"Ni ugonjwa tu."

"Ni ugonjwa tu."

Akanikabidhi ile kamba kama mtu anayekabidhi mtoto, akatembea kati ya ng'ombe na watu mpaka upande ule alikokuwa wifi yake. Sikusikia alichosema. Niliona wifi yake akitazama pembeni, akikataa kumtazama, kwa muda ambao mimi niliyekuwa mbali niliona mrefu. Halafu akavua kitambaa chake cha kichwa akamfuta Gati uso. Wote wawili wakakaa chini pale pale, kwenye matope ya josho.

Kesho yake Chifu alichinjwa. Asubuhi hakuja mtu. Nyama ilikuwa juu ya majani ya mgomba, nzi wameanza kuifuata, na Chacha alikuwa anazunguka uwanja bila kazi. Wa kwanza kufika walikuwa Gati na wifi yake na beseni moja. Nyuma yao wakaja wengine. Kufika mchana uwanja ulijaa, na kulikuwa na mazungumzo, hata vicheko. Mzee Mwita alimgawia kila mtu kwa mkono wake. Yeye hakula. Aliniambia meno yanamsumbua, nami sikumbishia.

Ng'ombe wa kwanza niliyempandisha kwenye mteremko ule alikuwa wa Mzee Mwita mwenyewe. Jike alipozaa, mzee aliniita nije nimwone ndama. Alikuwa mwekundu, miguu mirefu, hakufanana na kitu chochote pale nyumbani. Mzee alimzunguka.

"Baba yake anaishi wapi?" akaniuliza.

"Alikuwa mbali sana, Mzee. Amekufa zamani. Mbegu zake ndizo zilizohifadhiwa."

Akafikiri. "Kwa hiyo baba alikufa kabla mtoto hajatungwa."

"Ndiyo."

"Hakumwona hata kidogo." Akainama akampangusa ndama pua. "Basi tutamwona sisi."

Mzee Mwita alifariki akiwa na zizi la ng'ombe wa maziwa ambao Chacha aliwajali kama alivyotamani siku zote. Nilienda mazishini. Chacha alinipa nafasi nizungumze, nikashindwa kusema jambo la maana, nikasema tu alikuwa mtu mkweli, nikakaa.

Chacha ana binti aitwaye Boke. Alisomea udaktari wa mifugo, akarudi kufanya kazi Kehancha na vitu ambavyo mimi sikuwahi kuviota. Ana kifaa cha skani, mkia wake unaingia ndani ya ng'ombe na picha inaonekana kwenye kioo kidogo anachokifunga mkononi. Wakulima wake wako kwenye kundi la simu, wanamtumia video ya ng'ombe anayepiga kelele, naye anajibu kabla chai haijapoa. Aliniita Babu Daktari tangu utotoni na hakubadilisha alipopata cheti kikubwa kuliko changu. Tulifanya kazi sehemu moja kwa muda, mimi na mkono wangu, yeye na kioo chake.

Siku moja bwana mmoja wa Kehancha alituita wote wawili kwa ng'ombe mmoja. Mimi nilikuwa nimempima kwa mkono majuma kadhaa nyuma, nikasema ana mimba. Mji wa mimba ulikuwa umejaa, mzito, umeshuka mahali panapostahili. Sasa ng'ombe alikuwa amepoteza hamu ya kula na mwenye ng'ombe alitaka picha. Boke akaingiza kifaa. Nilimwona akikunja uso. Hakusema kitu kwa mwenye ng'ombe. Alisema, "Babu, njoo kidogo uone."

Nikainama kwenye kile kioo. Niliona weusi na weupe unaoelea kama vumbi ndani ya maji.

"Mtoto yuko wapi?" nikauliza.

"Hayuko, Babu. Huo ni usaha. Ndiyo maana mkono ulisikia umejaa."

Niliendelea kutazama. Mkono wangu uliniambia kweli kwamba kulikuwa na uzito, na ukanidanganya juu ya uzito wenyewe. Boke alikuwa kando yangu, akisafisha kifaa ambacho kilikuwa tayari safi. Nikaelewa ananiachia mimi niseme. Angeweza kusema mwenyewe, na alikuwa na haki.

Nikamwendea mwenye ng'ombe. "Ndugu yangu, nilikwambia ana mimba. Hana. Ana ugonjwa tumboni, na binti huyu ameuona. Yeye ndiye atakayemtibu."

"Lakini wewe ndiye daktari wangu, Mzee," akasema. "Mashine zinakosea."

"Leo haijakosea. Nimekosea mimi."

Boke alimtibu ng'ombe yule na akapona. Mimi nikarudi nyumbani na bega likiuma, na nikamfikiria Mzee Okeyo alivyopanda gari bila kuaga. Nilijua sitaki kuondoka vile. Majuma yaliyofuata nilizunguka na Boke boma kwa boma, Kehancha mpaka Kegonga, nikimtambulisha. Sehemu nyingine tulipokewa vizuri. Sehemu nyingine mwenye boma alizungumza na mimi tu, kama vile Boke ni mkoba wangu. Mmoja aliniambia mbele yake, "Huyu msichana mkono wake ni mfupi. Mimi nitasubiri bega lako lipone."

Boke alicheka. Mimi sikucheka. Nikamwambia, "Bega langu halitapona. Ukinisubiri, ng'ombe wako watakaa bure, na utatafuta mtu wa kumlaumu. Mpigie huyu." Nikachukua simu yake nikaingiza nambari ya Boke kwa mkono wangu, nikaifuta yangu. Mwenye boma alinitazama kana kwamba nimekufa mbele yake. Kwa kweli nilisikia hivyo pia, kidogo. Tukanywa chai yake, tukaondoka.

Sasa niko kwetu, nje kidogo ya mji wa Homa Bay. Ng'ombe ninaye mmoja, kwa ajili ya maziwa na kwa ajili ya mazoea. Juzi juzi asubuhi alianza kupiga kelele, ute ukamning'inia. Mkono wangu uliinuka wenyewe, nikasikia maumivu mpaka shingoni, nikauteremsha. Nikamwomba mke wangu simu, nikampigia kijana anayehudumia upande wetu.

Alifika jioni, kama inavyotakiwa. Waya wa muziki sikio moja, mtungi mdogo kuliko ule wangu. Alinisalimia kama wanavyosalimiwa wazee kwetu, "Jaduong', habari," akatazama ng'ombe, akamsalimia naye. Hajui mimi ni nani, na sikumwambia. Mke wangu alitaka kusema, nikamkonyeza.

"Mzee, mshike kichwa vizuri," kijana akaniambia. "Anaweza kuruka."

Nikamshika. Kwa maisha yangu yote ya kazi sikuwahi kusimama upande ule wa ng'ombe. Kutoka huko huoni chochote. Unaona tu macho ya mnyama na pumzi yake inakupiga kifuani, na unangoja mtu mwingine afanye kazi usiyoweza kuiona. Nilitaka kumwuliza kama ameipata shingo, kama ameyeyusha mrija vizuri. Nikazidi kumshika kichwa.

Akavua glavu, akanawa, akaandika kitu kwenye simu.

"Ameshika?" nikamwuliza, kama walivyoniuliza wengi.

Kijana akakuna kichwa. "Siwezi kujua leo, Mzee. Mtu akikwambia anajua, anakudanganya. Nitarudi kumpima."

Nikaiachia kamba. Nikamwambia asiondoke kabla ya kunywa chai.